Shikamoo ya Julai

Leo asubuhi nimenunua vitumbua kwa jirani yangu, akanirudishia chenji pungufu kama ilivyo ada yake. Nikamkumbuka alivyokuwa Julai 2020.

Zilikuwa wiki za kura za maoni za CCM, chama tawala, ambamo wajumbe wa chama hupigia kura wanaotaka kugombea ubunge. Uchochoro wetu, ambao bajaji hupita kwa kuomba Mungu, ulijaa magari ya vioo vyeusi, maana jirani alikuwa mjumbe kupitia tawi la hapa mtaani. Siku moja mzee mwenye mvi zake alisimama mbele ya karai la mafuta, akamwamkia, "Shikamoo mama." Mwanamke mwenyewe rika la bintiye! Akaitikia "Marahaba" bila kupepesa jicho, akaendelea kugeuza vitumbua.

Kura zikahesabiwa hadharani. Yule mzee alipata tatu. Nchi nzima ikawa inasema "wajumbe si watu", nasi tukacheka mpaka basi. Jirani hakucheka. "Mimi nimekuwa mtu kwao wiki mbili tu," alisema.

Hata hizo wiki mbili zilikuwa na mwenyewe. Agosti vikao vya juu vilikaa, na baadhi ya walioongoza kura wakaachwa, wakateuliwa waliokuwa nyuma yao. Nilipomuuliza kama imemuuma, alinijibu kwa kuniuliza kama nimesahau ya Dodoma.

Sijasahau. Mwaka 2015 waliorudisha fomu za urais CCM walikuwa 38. Wajumbe wa Halmashauri Kuu waliimba kwamba wana imani na Lowassa, waziri mkuu wa zamani aliyekuwa mmoja wa hao 38, tena mbele ya mwenyekiti wao Kikwete, ambaye Lowassa huyohuyo alikuwa nguzo ya mtandao uliomfikisha Ikulu 2005. Waliimba huko Dodoma wakati jina lake limeshakatwa. Kamati Kuu ilibakiza matano, Halmashauri Kuu ikayapunguza hadi matatu, na Mkutano Mkuu ukampa Magufuli kura 2,104. Amina Salum Ali 253, Asha-Rose Migiro 59. Ukitazama tarakimu hizo peke yake utadhani ukumbi ndio ulioamua. Mimi huwa nawaza wale wachache wa chumba cha kwanza, ambao hakuna aliyewahi kuwaona wakinyoosha mkono.

Yule mzee bado hupita huku. Juzi foleni ya barabara kuu ilimleta uchochoroni kwetu. Safari hii shikamoo ilitoka kwa jirani. Mzee aliitikia, lakini kioo kilikuwa kinapanda, sikusikia vizuri.