Siku moja kwenye meza ya wanafunzi wapya

Saa 2:00 asubuhi. Foleni imeshaanza. Kazi yangu ni kuwaandaa wanaokwenda chuo kikuu kwa mara ya kwanza, pamoja na waliowalea. Hao waliowalea ndio wenye wasiwasi zaidi.

Saa 2:30. Anaingia mama na bintiye. Kila ninalomuuliza binti, mama ndiye anayejibu: kozi, alama, hata iwapo vumbi humdhuru. Naisogeza fomu upande wa binti na kumpa kalamu. Anaandika taratibu, kisha anasita kwenye jina. Cheti cha kuzaliwa kina herufi ambayo cheti cha shule hakina. Herufi moja tu, lakini inaweza kumkwamisha mtu dirishani siku ya usajili wakati wenzake wanapewa vitambulisho. Nawaambia waulize chuoni leo hii wanahitaji nini, maana ikitakiwa hati ya kiapo, yaani tamko la kuapa kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja, haipatikani kwa kukimbizana dakika za mwisho. Kwa mkoba wa nguo familia huhangaika wiki nzima. Majina kwenye vyeti hakuna anayeyalinganisha.

Saa 4:00. Hesabu. Ada imeandikwa kwenye barua ya udahili, na wengi huishia hapo. Yapo pia malipo ya hosteli, bima, nauli, vitabu, na zile wiki za mwanzo ambazo mkopo au ufadhili bado haujaingia, kwa sababu mara nyingi fedha hutolewa baada ya usajili kuthibitishwa. Waulize kama ada inalipwa kwa awamu, na kama inarudishwa mtu akiacha masomo. Halafu namba ya akaunti waithibitishe kwenye tovuti ya chuo chenyewe. Anayetaka ada itumwe kwenye simu yake binafsi "ili nafasi isipotee", wamkatie simu.

Saa 7:00. Nakula huku napokea simu.

Saa 8:00. Hawa ni wanafunzi peke yao. Saa hii naipenda kuliko zote, maana wazazi wakiwa nje maswali ya kweli hutoka. Nikishindwa kuelewana na ninayelala naye chumba? Nikigundua kozi siyo? La kozi lina jibu la wazi: kubadilisha kuna tarehe ya mwisho, na kwa kawaida huja mapema kuliko mtu anavyodhani, kwa hiyo amtafute mshauri wa masomo tangu wiki za kwanza, asisubiri matokeo mabaya.

Kijana mmoja anaitazama ratiba yake, uso umechangamka. "Kwa hiyo Ijumaa sina kitu?"

Nampa kalamu ya rangi. Kwa kila saa 1 ya mhadhara, ajaze 2 za kujisomea. Anajaza Jumatatu, Jumanne, anafika Ijumaa na bado ana saa za kujaza. Wenzake wanacheka, kisha wanaomba kalamu. Kipimo hicho si sheria, na kozi hazilingani, lakini afadhali ashtuke hapa kuliko wiki ya mitihani.

Saa 10:00. Baba na mwanawe. Baba ana swali moja: matokeo atatumiwa kwa njia gani? Namweleza kwamba katika vyuo vingi mwanafunzi huhesabiwa mtu mzima, na ofisi haitoi matokeo yake kwa mwingine bila ridhaa yake ya maandishi.

"Na ninayelipa ni mimi?"

"Ndiyo, mzee."

Hapendi, na simlaumu. Ila fomu ya ridhaa peke yake haiwezi kumfanya kijana aseme mambo yakimwendea kombo, ndiyo maana nawaomba wakubaliane sasa hivi, wakiwa bado wanaelewana. Kijana anakohoa. "Nitakuonyesha, baba. Ila nipe muda niyaone kwanza mwenyewe."

"Muda gani?"

"Wiki."

"Wiki! Unayapika?"

Wanatoka wakiwa wamefikia siku mbili, na baba bado anapunguza.