Siku moja maishani mwangu: fundi madirisha na kioo cha darubini

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi niko kwenye kifodi (daladala ndogo) toka Kwa Mrombo hapa Arusha, mlima Meru kajifunika wingu kama kawaida yake, mambo ya jua sahau kwanza.

Saa mbili nafungua. Kazi yangu madirisha ya aluminiamu, mpaka saa sita ni kukata vioo vya watu tu.

Mchana jua lipo utosini, huku karibu na ikweta kulinasa na kulielekeza kwenye karatasi ni usumbufu mtupu, nikala zangu makande. Kioo chenyewe cha darubini kina upana wa milimita 150, nimekisaga kwa mkono kiwe na shimo kidogo katikati, kwa unga mgumu wa kabarundamu, na leo nataka kujua fokasi yake, yaani pale mwanga wa mbali unapokusanyika, iko umbali gani, maana bomba la darubini linakatwa kwa kufuata kipimo hicho.

Saa kumi na nusu jua limeshuka. Kioo kikisagwa kinakuwa na ukungu, hakirudishi mwanga vizuri, kwa hiyo unakipaka glisarini ya dukani, maji yanateremka haraka mno. Dogo kashika karatasi, doa la jua likaja, anarudi nyuma linapungua, linapungua, mpaka karibu milimita 11 halafu linaanza kutanuka tena. Ila kati ya sentimita 118 na 124 huoni tofauti yoyote. Na usichungulie ule mwanga aisee, utaunguza macho.

Mi naamini tochi. Saa moja na nusu usiku nikazima taa, tochi nimeiziba kwa foili yenye katundu kadogo, pembeni yake kadi nyeupe, vyote umbali mmoja toka kwenye kioo. Unarudi nyuma taratibu mpaka kale katundu kanajichora kwenye kadi, kakali, saizi ile ile. Tepu ikasoma sentimita 242 toka kwenye kioo. Hapo ni mara mbili ya fokasi, gawa kwa mbili, fokasi 121.

Babu wa gereji jirani akaleta filageji yake ya tapeti, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, tukalaza rula juu ya kioo tupime kina: katikati kibati cha milimita 1.15 kinapita, cha 1.20 kinagoma. Kwa fokasi ya 121 hesabu inadai kina cha 1.16, safi.

Dogo anataka tusage zaidi fokasi ifike sentimita 100, bomba liwe fupi. Nimekataa, fokasi ikifupika kazi ya kurekebisha umbo wakati wa kung'arisha inaongezeka, na mi sina huo muda. Kesho unga laini wa mwisho.