Drakma 2,000 za Yuda Makabayo

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa wanajumuiya.

Novemba, mwezi wa kuwaombea marehemu, imeingia. Makaburi ya vihambani yamefyekwa, majani makavu ya migomba yamekatwa ili watu wapate pa kusimama. Na swali la kila mwaka litaulizwa tena. Ukoo wa hapa Moshi siku hizi una madhehebu zaidi ya moja: mume wa Kibosho, mke katoka Machame, na kaka yake mke, Mlutheri aliyekuja kwa heshima zote, anauliza kwa upole: "Shemeji, kuwaombea waliokufa kumeandikwa wapi?" Wengi wetu hujibu, "Ndivyo Kanisa linavyofundisha," tukanyamaza. Ni kweli, lakini ni nusu ya jibu, na nusu hiyo ikibaki peke yake shemeji ataondoka akidhani Kanisa Katoliki limejitungia imani nje ya Neno la Mungu.

Fungueni 2 Makabayo 12:38-45. Yuda Makabayo, kiongozi wa vita wa Wayahudi, na watu wake, baada ya kushika Sabato huko Adulamu, wanarudi kuchukua miili ya wenzao waliouawa vitani, wawazike pamoja na jamaa zao katika makaburi ya baba zao. Mchaga hahitaji kufafanuliwa maneno hayo. Wanapoinua miili, chini ya kanzu ya kila marehemu wanakuta vitu vya sanamu za mji wa Yamnia vilivyokatazwa na Torati. Tuseme wazi: hirizi. Watu waliokufa wakilipigania taifa la Mungu walikuwa wamevaa hirizi. Yuda halifichi jambo hilo, wala hawaachi wenzake porini. Wanasali dhambi ile ifutwe, kisha anachangisha mtu kwa mtu, zinapatikana drakma 2,000, sarafu za fedha, anazipeleka Yerusalemu itolewe sadaka kwa ajili ya dhambi. Mwandishi anaeleza sababu: Yuda aliutazamia ufufuko. Asingetumaini kwamba waliolala watafufuka, kuwaombea kungekuwa kazi bure.

Hapo shemeji atafungua Biblia yake na kukuta kwamba baada ya Malaki anafuata Matayo. Yake ina vitabu 66, yetu 73. Vinavyopungua ni Tobiti, Yudithi, Hekima, Yoshua bin Sira, Baruku na Makabayo viwili, pamoja na sehemu za Esta na Danieli. Msimlaumu. Vitabu hivi vilikuwa katika Agano la Kale la Kigiriki lililosomwa na Wakristo wa kwanza. Maaskofu wa Afrika Kaskazini waliviorodhesha Hippo mwaka 393 na Kartago mwaka 397, na Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu, ukathibitisha orodha hiyo tarehe 8 Aprili 1546. Luther hakuvihesabu sawa na Maandiko mengine, lakini hakuvitupa: katika Biblia yake ya Kijerumani ya 1534 aliviweka katikati ya maagano mawili, akasema vinafaa kusomwa. Vilipungua sana katika Biblia za Kiprotestanti baada ya 1826, chama kikuu cha Biblia cha Uingereza kilipoacha kugharimia uchapaji wake.

Tukae kidogo hapa, maana ndipo penye kiini. Hakuna aya yoyote, katika Biblia yake wala yetu, inayotaja orodha ya vitabu vya Biblia. Shemeji anapoupokea Waraka kwa Waebrania au Ufunuo, ambavyo zamani baadhi ya makanisa yalivitilia shaka, anaupokea uamuzi wa Kanisa lilelile. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Ufunuo wa Mungu ya tarehe 18 Novemba 1965, namba 10, unasema Maandiko, Mapokeo (imani iliyorithishwa tangu mitume) na Mamlaka Funzi (Papa na maaskofu wanapofundisha) vimeungana hata kimoja hakisimami bila vingine. Na kwamba Mamlaka Funzi haiko juu ya Neno la Mungu, inalitumikia, ikifundisha kile tu kilichokabidhiwa. Hili tulisikie na sisi Wakatoliki tunaodhani Baba Mtakatifu anaweza kuamua lolote. Hawezi kuondoa hata mstari mmoja wa Luka.

Namba 12 ya hati hiyo inatupa njia ya kusoma, na ukiiruka, Makabayo itakupoteza. Kuna anayehitimisha kwamba hirizi si kitu, michango ya ndugu itamaliza. Kwanza tazama Maandiko yote: amri ya kwanza ipo, na aya ya 40 yenyewe inasema ndiyo sababu watu wale waliuawa, tena sadaka ya dhambi sasa ni moja, ya Kristo (Ebr 10:10), ndiyo maana tunaomba Misa. Pili, Mapokeo: Monika, mama yake Mtakatifu Agustino, akifa Ostia mwaka 387, aliwaomba wanawe jambo moja tu, wamkumbuke kwenye altare ya Bwana. Tatu, imani nzima: toharani ni ya waliokufa katika neema wakihitaji kutakaswa, aliyeikataa neema hadi mwisho hapewi nafasi ya pili baada ya kufa. Lakini Kanisa halijawahi kumtaja mtu yeyote kwa jina kuwa yuko motoni, kwa hiyo tusiruke kaburi la mtu.

Trento, Desemba 1563, ulifundisha mambo mawili tu juu ya toharani: ipo, na roho zilizomo husaidiwa na sala za waamini, hasa Misa. Papo hapo ukawaagiza maaskofu wakomeshe ushirikina na tamaa ya fedha katika jambo hili. Sadaka ya nia ya Misa, yaani fedha anayotoa mwamini ili Misa isomwe kwa ajili ya marehemu wake, hainunui kitu. Mjane asiye na shilingi aende parokiani bila aibu. Kanoni 945 ya Sheria za Kanisa inawahimiza mapadre waadhimishe Misa kwa nia za waamini, hasa maskini, hata pasipo sadaka.

Rehema kamili kwa marehemu, yaani kufutiwa adhabu yote ya dhambi zilizokwisha kusamehewa, hupatikana tarehe 1 hadi 8 Novemba kwa kutembelea makaburi na kusali. Wengi huishia hapo. Inahitajika pia kitubio, Komunyo, sala kwa nia za Baba Mtakatifu, na moyo usioshikamana na dhambi yoyote. Ni moja tu kwa siku. Kitubio kimoja chatosha kwa siku kadhaa, ila Komunyo na sala ni kwa kila moja.

Kaburini, mmoja wetu asome 2 Makabayo 12:43-45. Kisha mwombeni shemeji asome 1 Wakorintho 3:11-15 kutoka Biblia yake mwenyewe: "ataokolewa, lakini ni kama kwa moto." Msimlazimishe aielewe kama sisi. Halafu tajeni majina ya marehemu, la kila mmoja, polepole, na wote tuitikie: Raha ya milele uwape ee Bwana, na mwanga wa milele uwaangazie, wapumzike kwa amani. Amina.