Ngoja Kwenye Moja: Nilivyojiandaa Kucheza Dansi na Binti Yangu Shuleni

Barua ya shule ilipofika, binti yangu aliisoma kabla yangu. Jioni ya dansi, kila binti na baba yake. Ana miaka 9. Aliikunja vizuri, akanipa, kisha akasema, "Baba, sitaki tuyumbeyumbe tu. Nataka tucheze."

Naanza na hilo kwa sababu karibu kila niliyemwomba ushauri alinielekeza kwenye kuyumbayumba. Kaka yangu aliniambia nisimame, nihamishe uzito kushoto na kulia, mtoto hajui tofauti. Anajua sana. Mwenzangu kazini akaniambia nimpandishe juu ya miguu yangu nimtembeze. Tulijaribu usiku mmoja. Labda kwa mtoto wa miaka 3 inafaa, lakini huyu wangu alishuka mwenyewe kabla wimbo haujaisha. "Hapa unacheza wewe," akasema, "mimi nimebebwa tu." Alikuwa sahihi, na ushauri ule uliniudhi kwa siku kadhaa.

Nikaamua tujifunze walzi, ile dansi ya kuhesabu moja-mbili-tatu. Hapo ndipo nilipofanya kosa lililotuharibia wiki nzima. Nilitafuta tu muziki wa walzi, nikachukua wa kwanza uliopendeza masikioni, nikasogeza viti, tukaanza. Ilikuwa mbio. Nilimkanyaga kidole mara mbili, yeye akanigonga goti, na siku ya tatu alianguka akakaa palepale chini akilia. Alisema hataki tena kwenda. Nililala vibaya usiku ule, kwa sababu nilijua wazi kuwa mwenye kosa si yeye.

Kumbe walzi ziko mbili. Ile ya Vienna huenda kwa midundo kama 180 kwa dakika, na ile ya polepole huenda kwa midundo 84 hadi 90, yaani nusu yake. Mimi nilikuwa nimempa mtoto anayeanza ile ya kasi! Kesho yake nilimwomba msamaha, nikaweka kipima mdundo cha kwenye simu kwenye 84, bila wimbo wowote. Tulitembea tu juu ya ule mlio, tok, tok, tok. Dakika kumi, tukaacha. Akauliza kama kesho tutaendelea.

Jambo lililotusaidia kuliko yote ni selotepu. Nilibandika mraba sakafuni, upande mmoja urefu wa hatua YAKE, si yangu. Hapa akina baba wengi hukosea. Baba akipiga hatua ya mtu mzima, mtoto hana budi kurukaruka nyuma ili amfikie, na kila mtu anadhani mtoto ndiye hajui. Mguu wangu wa kushoto mbele, wake wa kulia nyuma, kando, funga miguu. Kisha mimi narudi nyuma na wa kulia, yeye anakuja mbele, kando, funga. Mraba umekamilika kwa hesabu sita. Alipouzoea, nilibandua upande mmoja wa selotepu kila siku, hadi siku ya nne sakafu ikawa tupu na yeye akaendelea kutembea kwenye mraba usiokuwepo. Nilijivuna siku ile, na bado najivuna.

Mikono nayo isichukuliwe juujuu. Mtoto hafiki begani mwa baba, na akilazimishwa atachoka mkono kabla ya nusu ya wimbo. Wa kwake aliuweka kwenye kiwiko changu. Ule mwingine tuliushika usawa wa sikio lake, mimi ndiye niliyeshusha. Kuhusu kumzungusha: mara ya kwanza nilimbana vidole na kifundo cha mkono kikajipinda, akapiga kelele. Usimvute. Inua mkono juu ya kichwa chake kama mwavuli, mpe vidole viwili avishike kwa ulegevu, azunguke mwenyewe. Kizunguzungu tulikipunguza kwa kifungo cha shati langu: kila akigeuka, macho yake yanarudi haraka kwenye kifungo kilekile.

Viatu vyake vipya ndivyo vilivyokula fedha kuliko kitu kingine, na soli zake ziliteleza kama sabuni. Nilizisugua kidogo kwa msasa. Akavivaa nyumbani jioni nne kabla ya siku yenyewe, na malengelenge hatukuyaona. Gauni alichagua yeye na mama yake, mimi sikuwa na la kusema.

Siku ikafika. Tukaingia ukumbini, tukasubiri wimbo wetu. Wimbo wa kwanza ukapita, wa pili, wa tatu. Zote zilikuwa za kuhesabu hadi nne, na wala hazikukaribia walzi. Nilikwenda kumuuliza kijana aliyekuwa akipiga muziki, akaniambia kwa upole kwamba hana hata walzi moja kwenye orodha yake. Majuma yote yale sikuwahi kuuliza shuleni watapiga muziki gani. Swali moja tu lingetosha, na nakuomba wewe uliulize.

Niliporudi, nilikuwa nikitafuta maneno ya kumfariji. Hakuyahitaji. Alikuwa amesimama pembeni anapiga kidole kwenye paja, anahesabu. "Baba," akaninong'oneza, "wao wana nne, sisi tuna tatu. Si tungoje kwenye moja?"

Sikumwelewa. Akanishika mkono akanionyesha: mguu mbele, kaa hapo mdundo mzima, kando, funga. Moja, ngoja, mbili, tatu. Mraba uleule, ila hatua ya kwanza inakula midundo miwili, na jumla yake ni nne. Baadaye nilikuja kujua kwamba wacheza rumba wa ukumbini huutembea mraba wao hivyohivyo, hatua moja ya taratibu na mbili za haraka. Yeye hakufundishwa na mtu. Aliusikia.

Tukaingia katikati. Mizunguko miwili ya kwanza nilisahau kungoja, naye akawa ananiminya kiganja kila tulipofika kwenye moja. Baada ya hapo mwili wangu ukashika. Nilimzungusha chini ya mwavuli wetu, akakitafuta kifungo, akakipata, akarudi kwenye mraba bila kukosa mdundo. Baba mmoja aliyekuwa akiyumbayumba karibu yetu alisimama kutazama, na binti yake akamuuliza kwa sauti kwa nini wao hawafanyi vile.

Tulicheza nyimbo tatu. Kisha akaenda kwa rafiki zake, nami nikakaa kwenye kiti karibu na ukuta. Nilimwona akiwafundisha wenzake wawili: mbele, ngoja, kando, funga. Spika zilikuwa na kelele mno. Nashukuru nilikuwa nimempa vizibo vya masikio, na alivivaa bila ubishi.

Ulipotangazwa wimbo wa mwisho sikuinuka, nilidhani ataucheza na wenzake. Alikuja mwenyewe akikatiza ukumbi. Kabla sijasimama sawasawa, mkono wake ulikuwa tayari kwenye kiwiko changu, na alikuwa ameshaanza kuhesabu.