Nilivyoachana na diazepam, robo kwa robo

Kama umekuwa ukimeza diazepam, dawa ya kutuliza na kuleta usingizi, kila usiku kwa miezi, nakuomba kitu kimoja kabla hujaendelea kusoma: usiache ghafla leo. Dawa hii ndiyo ileile ambayo hospitalini mgonjwa huchomwa ili degedege likatike. Mwili ulioizoea ukiikosa kwa mpigo unaweza kupata degedege hilohilo, hata kama hujawahi kuugua kifafa maishani mwako. Mimi nimeiacha na ninalala. Lakini imenichukua miezi mingi, na daktari alikuwa anajua kila hatua.

Mimi ni fundi cherehani hapa Moshi, nashonea barazani mjini pamoja na mafundi wenzangu. Mama yangu alipooza upande mmoja, nikamuuguza kule Kibosho hadi mwisho. Anayeuguza mtu wa namna hiyo anajua: kila baada ya saa mbili unaamka kumgeuza asije akapata vidonda vya mgongo, usiku na mchana. Tulipomzika na watu wa matanga wakatawanyika, nikarudi mjini nikidhani sasa nitapumzika. Usingizi haukuja. Saa nane za usiku macho makavu, nasikia mbwa, nasikia bodaboda ya mwisho, halafu nasikia adhana ya alfajiri, na kazi inaningoja.

Daktari aliniandikia diazepam ya miligramu 5, kidonge kimoja usiku, kwa wiki mbili. Sina neno naye, maana kwa huzuni ile na kwa muda ule ilikuwa msaada. Nililala usingizi wa pono. Wiki mbili zilipoisha nikajaribu bila kidonge, sikupata hata lepe. Nikaenda famasi fulani nikanunua. Nikarudi tena na tena, hadi wakawa wananijua. Nikitokea mlangoni tu, karatasi ya vidonge inawekwa mezani. Hii ni dawa ya kuuzwa kwa cheti cha daktari, na mimi sikuulizwa cheti. Jambo hili linaniumiza mpaka leo, si kwa ajili yangu peke yangu. Pale dirishani mwenye duka ndiye mtu wa mwisho anayeweza kukuuliza, "Mama, unatumia hii tangu lini?"

Baada ya miezi, kidonge kimoja kikawa hakitoshi, vikawa viwili. Daktari wa afya ya akili alinieleza baadaye kwa nini. Ubongo una kemikali yake ya kujituliza, inaitwa GABA. Diazepam inaiongezea nguvu kemikali hiyo. Ubongo ukiona utulivu unaletwa kutoka nje kila usiku, unapunguza wa kwake, kama gari ambalo breki zake zimelegezwa huku mafuta yakizidi kukanyagwa. Siku ukiondoa kidonge ghafla hakuna cha kulizuia. Moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, jasho linakutoka, kelele ndogo inakuumiza, na usingizi unakosekana kuliko hata ulivyokosekana mwanzo.

Hapo ndipo wengi tunapotekwa, maana mtu akikesha usiku ule wa kwanza bila dawa anasema, "Mmeona? Bila dawa mimi silali." Anaamini ugonjwa wake wa zamani umerudi. Kumbe anayoyaona ni dawa inayoondoka. Laiti mtu angeniambia hivyo mapema.

Na si habari mpya. Diazepam iliingia sokoni mwaka 1963 kwa jina la Valium, ikitengenezwa na kampuni ya Roche, na kwa miaka mingi ilikuwa miongoni mwa dawa zilizoandikwa zaidi Marekani. Ilipofika 1988, Uingereza iliwatahadharisha madaktari wake kwamba dawa za kundi hili, yaani benzodiazepine, zisizidi wiki mbili hadi nne. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza ziwekewe onyo la uzito wa juu kabisa kuhusu utegemezi na hatari ya kuziacha ghafla. Hayo yote yalikuwa yameshajulikana, na bado kidonge kinapita dirishani kama pipi.

Mimi niligutuka kwa ajili ya msiba. Tulikwenda kuzika Lushoto, safari ya haraka haraka, vidonge nikavisahau nyumbani. Siku ya kwanza na ya pili sikuona tofauti kubwa, kwa sababu diazepam haitoki mwilini upesi. Inaweza kuchukua siku moja hadi mbili kupungua nusu tu, na mabaki yake yanakaa zaidi ya hapo. Baadaye nikaanza kutetemeka na kutoa jasho, viungo vinauma, moyo unadunda hadi nausikia masikioni. Kila mtu akasema malaria. Nikapelekwa zahanati, nikapimwa, hakuna malaria. Tabibu aliyekuwepo, kijana mdogo, akaniuliza, "Shikamoo mama, samahani, kuna dawa yoyote unayotumia kila siku?"

"Ya usingizi tu."

"Uko nayo?"

"Nimeiacha Moshi."

Akaweka kalamu chini. Akaniambia hiyo ndiyo iliyonileta pale, akanipa ya kunifikisha nyumbani, na akanisisitiza niende hospitali ya rufaa nikamwone daktari wa afya ya akili. Namwombea heri kijana yule kila nikimkumbuka. Kati ya watu wote niliopitia mikononi mwao, ndiye aliyeuliza.

Kwenda kwenye kitengo cha afya ya akili kulinipa shida kuliko kidonge chenyewe. Tunajua maneno ya watu. Ukionekana umekaa kwenye benchi lile, mtaani wanasema kesho utapelekwa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili kule Dodoma. Siku niliyokwenda nilijifunga kitenge hadi usoni. Ndani nikamkuta mwalimu mstaafu, dereva wa lori, na msichana wa chuo na madaftari yake. Watu wa kawaida kabisa. Kama hilo ndilo linalokuzuia, nenda tu ndugu yangu. Wanatibu usingizi kila siku.

Daktari akanipangia. Nilikuwa natumia miligramu 10, vidonge viwili vya 5. Tungepunguza robo kidonge, nikae hapo kama wiki mbili, tukiona nimetulia tupunguze tena. Nikifika chini ya kidonge kimoja hatua ziwe ndogo zaidi, nusu ya robo, kwa sababu robo ile ile ambayo mwanzo ilikuwa sehemu ndogo ya dozi, huku chini ni sehemu kubwa. Akanipa sharti moja: nikizidiwa nisirudi juu, nisimame pale nilipo hadi mwili utulie. Mpango huo ulikuwa wangu, kwa dozi yangu. Mwenye kutumia dawa nyingine za kundi hili kama lorazepam au alprazolam ana hesabu nyingine, maana hizo zinatoka mwilini upesi zaidi, na madaktari wakati mwingine humhamishia mtu kwenye diazepam kwanza ndipo wapunguze.

Kukata nilikata mwenyewe, kwa wembe mpya, juu ya kisosi cheupe. Kidonge changu kilikuwa na kistari katikati, kwa hiyo nusu haikusumbua. Shughuli ilikuwa robo. Ukikandamiza wembe kwa pupa, kipande kinaruka, kingine kinasagika unga. Nikajifunza kuweka ncha ya wembe kwanza, halafu kushusha taratibu kwa kiganja, kama ninavyochana uzi wa pindo bila kugusa kitambaa. Vipande havikuwa sawa hata siku moja. Nikamuuliza daktari kwa wasiwasi, akacheka kwa upole: kwa kuwa dawa hii inakaa mwilini siku nyingi, leo kipande kikubwa na kesho kipande kidogo vinasawazishana vyenyewe. Vipande vya wiki nzima nilivifunga kwenye karatasi, kila usiku na kikaratasi chake, ili usiku wa manane nisipate nafasi ya kujihesabia upya.

Kila nilipopunguza, siku chache zilizofuata zilikuwa ngumu. Kelele za cherehani la jirani, ambazo nimezizoea tangu ujana, zilinichoma masikio. Mdomo ulikuwa na ladha ya chuma. Nililala usingizi wa mang'amung'amu na ndoto za kutisha. Halafu, bila kufanya lolote, yanapoa. Mara ya tatu au ya nne nilipoona yanapoa yenyewe, woga ulipungua sana, na nadhani woga ndio ulikuwa nusu ya ugonjwa.

Desemba tulisimama. Wenye kujua Moshi wanajua Desemba: wenyeji wanarudi kutoka Dar na kila pembe, kila familia inataka sare za sherehe, na Januari sare za shule zinaingia juu yake. Kwa kazi ile, usiku mbaya hauvumiliki. Daktari akakubali nibaki kwenye dozi ileile hadi Februari. Hakuna aliyenifukuza, na hakuna zawadi ya kumaliza mapema.

Desemba pia ndiyo mwezi wa mbege, pombe yetu ya ndizi. Shemeji yangu mmoja alinishauri kwa moyo mwema kabisa niache vidonge, ninywe kata moja jioni nitalala. Pombe na diazepam zote zinapoza ubongo, zikikutana zinaweza kupoza hadi kupumua kwenyewe kukalegea. Ni hivyo hivyo kwa dawa kali za maumivu kama tramadol. Na hata bila kidonge, pombe inakulaza mapema ikakuamsha saa tisa. Wengine walinipa piritoni. Ile ni dawa ya mzio, kusinzisha kwake ni athari ya pembeni tu, na mwili unaizoea upesi. Nilikataa kwa heshima.

Lakini kuondoa dawa peke yake hakuleti usingizi. Mimi usingizi wangu uliharibika kabla ya dawa, na hilo lilihitaji tiba yake. Daktari alinifundisha njia ambazo wanasaikolojia wamezitumia tangu mwaka 1972, wakati Richard Bootzin wa Marekani alipoanza kuwafundisha wagonjwa kukizoesha kitanda kuwa mahali pa kulala tu. Chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani wa Marekani mwaka 2016 kilisema tiba ya mazungumzo na mazoea ya aina hii ndiyo ianze, kabla ya kidonge. Masharti ni magumu kuyaishi kuliko kuyasikia. Usipande kitandani hadi usingizi ukushike kweli. Ukikaa kama dakika 20 hujalala, ondoka kitandani. Amka saa ileile kila siku, hata kama ulilala saa kumi. Mchana usilale.

Sasa ondoka kitandani uende wapi, wakati umepanga chumba kimoja na binti yako amelala pale pale? Nilijibanza kwenye kigoda karibu na mlango, taa ndogo ya sola imefunikwa kwa khanga, nikawa nashona vifungo kwa mkono. Si simu. Simu ilizimwa na kuwekwa kabatini. Kazi ya vifungo inachosha macho bila kuamsha akili. Macho yakianza kufumba, narudi kitandani. Siku nyingine nilirudi kwenye kigoda mara kadhaa.

Daktari aliniongezea jingine lililonishangaza: nipunguze muda wa kuwa kitandani. Nilikuwa napanda saa tatu usiku nikitafuta usingizi wa kulazimisha. Akaniambia nisipande kabla ya saa sita, na saa kumi na moja na nusu niwe wima. Wiki za mwanzo nilikuwa hoi, na pasi ya umeme sikuigusa kwa kuogopa kuunguza nguo za watu. Kisha usingizi ukaanza kujikusanya, ule uliokuwa umetapanywa usiku kucha ukawa kipande kimoja. Ndipo tukaanza kuurefusha kidogo kidogo. Chai ya rangi nikaikata baada ya saa nane mchana, jioni nikawa nachemsha mchaichai.

Leo situmii kidonge. Zipo siku nakesha, hasa ikikaribia kumbukumbu ya mama, na zinapita. Asubuhi sina tena ule uzito wa kichwa uliokuwa unanifuata hadi mchana, ambao uliwahi kuniponyosha kidole sindano ya cherehani ikakipitia kwenye ukucha.

Vidonge vilivyobaki nilivirudisha kwa mfamasia wa hospitali, kwa sababu wifi yangu alikuwa ameshaanza kuviulizia. Naye ana kisa kirefu kuliko changu, na ameshapita miaka 65. Kwa umri huo dawa hizi zinaleta kuyumba na kuanguka, na wazee wanavunjika nyonga kwa sababu ya safari ya kwenda msalani usiku. Alishaanguka mara moja uani. Nilimsindikiza hadi kwenye lile benchi, tukakaa wote. Amepangiwa hatua ndogo kuliko zangu na muda mrefu zaidi kati ya hatua, na vipande namkatia mimi kila Jumapili baada ya ibada, kwa kuwa macho yake hayaoni vizuri. Mwisho wa mwezi anarudi kwa daktari, wataamua kama apunguze au asimame.