Makaburi ya Igoma

Tarehe 21 Mei 2006 nilimsindikiza shangazi yangu hadi makaburi ya Igoma, jijini Mwanza, walikozikwa wengi wa waliokufa katika ajali ya MV Bukoba. Ilikuwa imetimia miaka 10 tangu meli hiyo, iliyotoka Bukoba na kupitia Kemondo, ipinduke na kuzama ziwani ikiwa imekaribia kabisa kutia nanga Mwanza. Iliruhusiwa kubeba abiria 430, lakini siku ile ilibeba wengi zaidi, na kwa kuwa wa daraja la tatu hawakuandikwa majina, zilikuwapo familia zilizojua tu kwamba ndugu yao aliaga nyumbani na hakurudi. Baba yangu mdogo, kitindamimba wa nyumba yao, alikuwa mmoja wa hao. Alikuwa anapeleka mikungu ya ndizi sokoni.

Kwetu Kagera mtu huzikwa kibanjani, kati ya migomba, karibu na nyumba, ili hata mjukuu asiyemwona akiwa hai ajue babu yake amelala wapi. Mwili wa baba mdogo haukutambuliwa. Huenda ulizikwa Igoma pamoja na mingine isiyo na majina, huenda ulibaki ziwani. Kwa sababu hiyo shangazi alikuwa amekataa kwenda kila tulipomwomba, akisema hawezi kulia juu ya kaburi la mtu asiyemjua.

Tulikuta watu wamekwisha kusanyika, mashekhe, mapadri na wachungaji wakiomba kwa zamu. Pembeni, mzee mmoja aliyevaa kanzu alikuwa akisimama mbele ya kila kaburi, akiinua mikono na kusoma Fatiha, kisha akisogea kwenye kaburi linalofuata. Shangazi alimtazama muda mrefu, rozari yake mkononi, hatimaye akamwendea, akamwamkia, akamuuliza amezika ndugu wangapi mahali pale.

"Ni binti yangu mmoja, mama," alijibu yule mzee. "Lakini sikuonyeshwa kaburi lake. Basi nawasomea wote, nisije nikampita. Na wako pia atakuwa nimemsomea."

Shangazi hakujibu neno. Alirudi mwanzo wa safu, akaanza kusali Salamu Maria kaburi baada ya kaburi, nami nikimfuata nyuma, hadi jua likawa kali na miguu yake ikachoka. Mwanamke mmoja Msukuma, mwenyeji wa pale, alimletea maji na kigoda, akamwambia, "Pole, mayu, pumzika kwanza." Alitusimulia jinsi siku zile za 1996 malori yalivyokuwa yakileta majeneza, na jinsi majirani walivyoacha mashamba yao wakaja kulia na watu ambao hawakuwahi kuonana nao.

Nilipokuwa nikimsikiliza nilikumbuka hali tuliyokuwa nayo kabla ya ajali. Ilikuwa imepita miezi 7 tu tangu uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi wa Oktoba 1995, na katika ukoo wetu walikuwapo watu wazima wasiosalimiana kwa sababu ya kadi za vyama. Rais Mkapa alipotangaza siku 3 za maombolezo, watu hao hao walikaa kwenye mkeka mmoja, wakapokezana kwenda bandarini kuuliza habari. Sisemi kwamba majonzi yalifuta uzembe, maana kujaza meli kupita kiasi ni kosa ambalo waliofiwa wana haki ya kulidai jibu hadi leo. Nasema kwamba umoja niliouona Igoma haukutoka kwenye hotuba yoyote. Ulitoka kwa baba aliyeogopa kumpita mwanawe, na kwa hofu hiyo akawa baba wa safu nzima.

Tangu mwaka ule shangazi hakukosa kwenda kila Mei alipokuwa na nguvu. Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara na kuua zaidi ya watu 200, hakuwa na ndugu yeyote ndani yake, lakini alikwenda parokiani kuomba misa. Katekista alipomuuliza aandike jina la marehemu gani, alimwambia aandike watu wa Ukara, wote.