Si lazima, mama

Baba aliondoka Jumapili na basi la saa mbili asubuhi. Leo Jumatano, shuka alilolalia limeshafuliwa na kukunjwa, na mimi bado niko na maneno yake mawili. Ni matatu ukihesabu na "mama", lakini hilo la tatu halina ubaya, ndivyo anavyoniita tangu nizaliwe kwa kuwa nina jina la bibi. Taabu ni yale mawili ya mwanzo.

Alhamisi usiku, saa nne na robo. Saa naijua kwa sababu ndiyo niliyokuwa naitazama. Kwenye runinga hakukuwa na kitu zaidi ya vidoti vinavyozungukana kama nzi juu ya embe, na maandishi meupe chini yake: asilimia 27, usizime kompyuta yako. Yalikuwa yamekaa pale pale tangu saa tatu na nusu. Baba yuko kwenye kiti chake cha pembeni, kikoi kiunoni, kahawa imebaki machicha, na kashata moja ameiweka akiba kwenye kisahani kwa ajili ya sehemu ya pili ya tamthilia, maana huwa anazigawa. Akaitazama runinga. Akanitazama mimi niliyepiga magoti sakafuni na waya mkononi. Akasema:

"Si lazima, mama."

Akaila ile kashata. Akaenda kulala.

Kosa ni langu, sitamsingizia mtu. Wiki tatu nzima Kobe, kompyuta yangu ya mapajani niliyoiunganisha na runinga, alikuwa ananiuliza ajisasishe sasa au baadaye, na mimi nabonyeza baadaye, baadaye, kama mwanachama wa kikoba anayedaiwa. Akachagua usiku ule ule kusema basi. Na Kobe mnamjua, betri ilishakufa tangu tunakaa Tabata, anaishi kwa waya wa ukutani. Kwa hiyo dakika arobaini na tano nilikuwa namwomba Mungu mambo mawili: asilimia zisogee, na umeme usikatike. La pili nilijibiwa.

Fundi wa Kariakoo alishaniambia tangu Ramadhani. Kobe ana RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 4 na diski ile ya kizamani, inayozunguka. Ukimwasha tu, kabla hujagusa kitu, diski inasoma asilimia mia na feni inalia kama mashine ya kusaga. Fundi akasema tubadilishe diski tuweke SSD, ile isiyozunguka, tuongeze RAM ifike 8, "atakuwa kijana, dada." Nikauliza je, Windows 11 ataipokea? Akacheka. Prosesa ya kizazi cha tano hiyo, Windows 11 inaanzia cha nane kwa hizi za Intel, tena inataka na kile kitu cha usalama kinaitwa TPM 2.0. Kobe hana. Na Windows 10 aliyonayo ilikuwa inaacha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025.

Nilimweleza Baba haya yote usiku wa kwanza, Jumatatu, nikiwa nasubiri Kobe aamke. Sijui kwa nini nilimweleza, nadhani nilikuwa najitetea mapema. Yeye akashika tarehe tu.

"Kumi na nne Oktoba? Siku ya Mwalimu?"

Tukatoka kwenye kompyuta tukaingia mwaka 1999, ile Alhamisi aliyofariki Mwalimu Nyerere, alivyokuwa darasa la sita anafundisha sehemu, mwalimu mwenzake akaja dirishani na redio ndogo mkononi, hakusema neno, akainyanyua tu ili asikie. Watoto wakafikiri wameambiwa waimbe. Mpaka anamaliza kusimulia, Kobe alikuwa ameshafunguka na amejifunga tena.

Sasa turudi kwenye si lazima.

Nimelichambua kila upande. Baba ana "si lazima" nyingi. Ipo ile ya upole, aliyoniambia nilipopata divisheni ya tatu nikataka kurudia kidato cha nne. Ipo ile ya kukatisha, aliyowaambia washenga wa mwanzo kabisa walipoanza kujieleza mno. Na ipo ile anayoisema kwa watu aliowavua majukumu: mjukuu aliyeshindwa kufunga kamba ya mbuzi, si lazima, niachie. Hii ya mwisho ndiyo niliyoisikia mimi Alhamisi. Kichwa nimekigeuza huku na huku kwenye mto, nikaisikia hiyo hiyo.

Maana huyu ni mtu aliyepanda juu ya paa. Televisheni bara ilianza 1994, ya kwetu Muheza ilikuja miaka michache baadaye, nyeusi, kubwa kama banda la kuku, na antena juu ya mlingoti wa mwanzi. Baba juu, sisi dirishani.

"Imekuja?"

"Chenga!"

"Sasa?"

"Bado chenga!"

"Na sasa?"

"Imekuja! Imekuja! Ah, Baba, umeiharibu!"

Saa nzima, kwa ajili ya taarifa ya habari ya nusu saa. Sikumbuki hata siku moja akisema si lazima kule juu. Halafu mimi mtoto wake, ambaye ukoo mzima wakikwama na simu wananipigia, mimi niliyejitapa mwezi wa sita kwamba "Baba ukija tutaangalia ile ya Kituruki, ninayo yote, hamna kusubiri kesho saa tatu," mimi ananivumilia dakika arobaini na tano.

Ninayo yote! Ndiyo nililosema. Kumbe ninayo yote kwenye akaunti, kwenye runinga sina hata kidogo. Jumatatu picha ilikuwa inasimama kila dakika mbili, nikaishusha ubora kwa sababu ya bando pia, maana saa moja ya picha ya kawaida inakula kama GB 1 na ya HD inaweza kufika 3, na mshahara mnaujua. Ilipotulia, nyuso za watu zilikuwa kama zimepitiwa na kifutio. Jumanne nikanunua waya mwingine wa bei poa na kile kipachiko cha kugawa, ili king'amuzi kisichomolewe kila siku. Sauti ikaja safi. Picha nyeusi tii. Nimekuja kusoma baadaye kwamba ni ulinzi wa hakimiliki: kifaa kimoja tu njiani kikishindwa kujitambulisha, picha inafungwa. Elfu kumi na mbili zangu zilishindwa kujitambulisha.

Baba siku ile alikuwa mchangamfu. Akasema, "Iache hivyo hivyo, tusikilize kama redio." Redio ya Kituruki! Na kweli akakaa, kiza kile kwenye kioo, akawa anatutafsiria yeye kama Lufufu, yule mfasiri wa filamu, enzi za vibanda vya video: "Hapa sasa anaingia mama mkwe. Hajafurahi. Ameona ile barua. Haya, kikombe kimeanguka." Na kikombe kikaanguka kweli, tukasikia! Mtaalamu, mwanangu wa kidato cha kwanza, alicheka mpaka akabanwa na kikohozi. Nami nikawaza, mzee ana kipaji, anasikia mlio tu anatunga hadithi nzima.

Shikeni hilo hapo.

Jumamosi ilikuwa posa ya mdogo wangu, wamekubali, na ofisini nimepewa ukaimu tangu Jumatatu kwa kuwa mkuu wetu kahamishiwa Mtwara. Hongera nimezipokea, asanteni.

Jana usiku mdogo wangu huyo huyo kanipigia kutoka Muheza, tunaongea habari za mahari, mara nikamlalamikia. Nikamwambia kila kitu, asilimia 27, kashata, si lazima. Kimya. Nikadhani mtandao umekata. Kumbe anacheka kwa mbali ili simu isisikie.

"Dada. Mzee ile tamthilia alishaimaliza."

"Ipi?"

"Hiyo hiyo. Mwezi wa saba. Kwa jirani pale mwenye king'amuzi, ilikuwa inapita kwa Kiswahili. Akitoka magharibi harudi mpaka saa nne, Mama alifika kumfungia mlango siku moja. Mwisho wake walitoka pale wazee wazima wamenuna kama wametoka msibani."

Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda na simu sikioni. Yakaanza kurudi moja moja. Usiku wa kwanza kabisa, yule mama mkubwa wa jumba alipofungua mdomo, Baba alisema, "Huyu sauti yake siyo hii." Nikamwambia Baba, wewe unaijuaje sauti ya Mturuki? Akanywa kahawa. Kisha mimi nilivyokuwa nasoma yale maandishi ya Kiingereza na kumfasiria kwa kujiamini, mara tatu nne akaniuliza, "Una hakika kasema hivyo?" kwa ile sauti ya kusahihisha madaftari. Nikasema nina hakika. Sikuwa na hakika. Alikwenda kutawadha kila sehemu zilipokuwa zinachosha, akarudi kabla tu ya mtu kupigwa kofi. Na kile kikombe kilichoanguka gizani!

Nilicheka nikiwa peke yangu mpaka Baba Mtaalamu akageuka akauliza kulikoni. Halafu nikakasirika kidogo. Halafu nikacheka tena, kwa sababu nilipomwambia mwezi wa sita kwamba ninayo yote, atakuwa ndiyo kwanza yumo katikati, na alichonijibu ni "itapendeza". Itapendeza! Mzee mzima akaenda jioni kumalizia kwa jirani, akaja Dar kuanza upya kwa nyuso zilizofutika.

Ile si lazima sasa sijui niiweke wapi. Si ya mbuzi, hilo nimeshakubali. Inawezekana ilikuwa ni taarifa tu: kweli haikuwa lazima, anajua nani kamuua nani. Inawezekana alikuwa na usingizi. Au alikuwa amechoka kuigiza na akaona asilimia 27 ni msaada kutoka mbinguni. Nimemsikia mdogo wangu akiiga ile sauti kwenye simu, "si lazima, mama," akaitoa kwa wepesi kabisa, kama mtu anayekataa sukari ya pili. Nikamwambia siyo hivyo, ilishuka mwishoni. Akasema wewe dada una kazi.

Leo mchana Baba mwenyewe kapiga. Ukaimu, mahari, kuku wa Mama wawili wamechukuliwa na kicheche. Kisha:

"Na yule Kobe, amepona?"

"Amepona Baba. Ijumaa alfajiri nilimkuta amefika mia. Fundi atambadilishia diski mwisho wa mwezi."

"Vizuri."

"Ukija tena tutamalizia."

"Inshallah."

Sikusema najua. Nilitaka kusema, mdomo ukakataa. Yeye naye akakohoa kidogo, nikamsikia anasogea pembeni, labda Mama alikuwa karibu, akashusha sauti.

"Lakini mama, yule shemeji mtu. Usimwamini."

Akakata.

Sasa ni saa sita kasoro usiku, Kobe amewaka anavuma hapa magotini, na juu boya la simtanki limeanza tena. Maji yanatiririka kwenye ukuta wa chumba cha Mtaalamu nayasikia, mita inahesabu, na fundi bomba ninayemwamini yuko Singida msibani mpaka wiki ijayo. Nimemtuma Baba Mtaalamu akafunge koki ya barabarani. Kakuta mtu ameshaing'oa mpini.